Nyatiti ya Mtu wa Mjini



Jioni moja ya mwezi wa Aprili mvua ilitukuta Kenyatta Avenue. Nilikuwa ndani ya matatu nambari 46 ya kwenda Kawangware, na yeyote aliyewahi kupanda gari hilo saa kumi na mbili jioni, maji yakitiririka barabarani, anajua kwamba hapo huwa hamna safari tena, mmekaa tu. Madirisha yamefungwa na yamejaa mvuke, nauli imepanda kwa sababu ya mvua, na kila mtu ameshika simu kuwaambia wa nyumbani wasimngoje kula. Dereva alikuwa amefungulia redio. Mtangazaji, nadhani kwa kutazama nje ya dirisha lake mwenyewe, akauweka wimbo uitwao Kothbiro. Nyuzi zikatangulia, taratibu, zikizunguka pale pale. Kisha sauti ya mwanamume ikaingia, na mazungumzo ndani ya gari yakapungua moja baada ya jingine hadi yakaisha.

Kijana aliyeketi mbele yangu akamwambia mwenzake kuwa huo ni wimbo wa sinema, ameusikia katika filamu ya Wazungu, na mwimbaji lazima ni mtu wa Mali au Senegali. Mama mmoja wa makamo, kikapu magotini, akamgeukia.

"Hapana, mwanangu. Huyo ni wa kwetu. Anaita ng'ombe warudishwe nyumbani, mvua yaja."

"Wa kwetu wapi, mama?"

"Wa hapa hapa."

Pengine mama yule alikusudia Kenya. Pengine alikusudia Nyanza. Lakini mimi nililichukua neno lake jinsi lilivyo, kwa sababu pale tulipokwama, hatua chache tu kutoka kwenye gari letu, ndipo lilipokuwa jumba ambamo mwimbaji yule alipiga muziki alipokuwa kijana. Hapa hapa, kwa hakika. Leo nataka kumtetea mama wa watu, kwa maana nimeona kwamba wengi wetu tunafikiri kama yule kijana.

Albamu iliyo na wimbo huo inaitwa En Mana Kuoyo. Ni maneno ya Dholuo. Maana yake, ni mchanga tu. Ilitolewa mwaka wa 1993 na Real World, kampuni ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel, ikiwa na nyimbo kumi, na Kothbiro ni wa nane. Mwimbaji ni Ayub Ogada. Ukiitafuta utaikuta imepangwa kwenye rafu ya muziki wa asili, na picha inayowajia watu ni ya mzee wa kijijini chini ya mti, ng'ombe wakipita. Mimi naisikia kwa njia nyingine. Kwangu hii ni albamu ya mwimbaji wa roki na soul, mtu wa mjini, aliyejifunza kazi yake mbele ya amplifaya na ngoma za kizungu, kisha kwa hiari yake akapunguza sauti. Nadhani tumeipima kwa kipimo kisichoifaa, na ndiyo sababu tumeipa heshima ndogo kuliko inayostahili.

Tuanze na jina lake. Alizaliwa Mombasa mwaka wa 1956, akaitwa Job Seda. Alipokuwa bado mdogo familia ilihamia Chicago, Marekani, na wazazi wake wakawa wakiwapigia Wamarekani muziki wa Kiluo jukwaani, mtoto akiwa pamoja nao. Kwa hiyo tangu utotoni alijua jambo ambalo wengi hulijua ukubwani: kwamba muziki wa nyumbani unaweza kubebwa, ukafunguliwa mbele ya watu wasiojua neno hata moja la lugha yako, na wakakaa kimya kusikiliza. Alirudi Kenya akasoma shule za hapa. Miaka mingi baadaye alijiita Ayub. Msikilizaji wa Kiswahili ataliona hilo papo hapo: kitabu cha Biblia ambacho Waingereza hukiita Job, sisi hukiita Ayubu. Kumbe jina hakulitupa, alilitafsiri. Nimependa sana jambo hilo, kwa kuwa ndilo alilolifanya na muziki wake pia.

Sasa nirudi kwenye mji wenyewe. Katikati ya miaka ya 70 Nairobi ilikuwa mji wa santuri. EMI walikuwa na ofisi hapa, Phonogram pia, CBS wakafuata. Kiwanda cha kuzichapa santuri kilikuwa Eneo la Viwanda. Na ukishuka River Road, ukakata Latema, ukatokea Luthuli Avenue, karibu kila mlango ulikuwa na spika nje. Benga ya Waluo ikigombana na rumba ya Zaire, na katikati yake nyimbo za Kikamba, za Kikuyu, na za Kiswahili kutoka kwa ndugu zetu waliovuka mpaka kutoka Tanzania. Huo ulikuwa upande mmoja wa mji. Upande wa pili, kupanda mlima kuelekea Milimani kwenye Starlight, na kwenye mahoteli, vijana walivaa suruali zilizopanuka miguuni na kucheza James Brown, Otis Redding na Santana. Kutoka Mombasa alikuja Slim Ali na Hodi Boys wake, wakiimba soul kwa Kiingereza kwa ustadi ambao hadi leo hunishangaza. Ishmael Jingo alirekodi Fever. Matata wakafika London. Na mwaka wa 1976 EMI ikatoa santuri ya vijana waliojiita Black Savage, Something for Someone. Mmoja wa waimbaji wake alikuwa Job Seda.

Black Savage walipiga roki. Magitaa ya umeme, besi nzito, kinanda, nyimbo nyingi kwa Kiingereza. Lakini ndani ya kazi yao mlikuwa tayari na Kothbiro, ulioandikwa na mwenzao Mbarack Achieng. Naomba mlishike jambo hilo. Wimbo ambao dunia huusikia kama sauti ya kijiji cha Kiafrika isiyo na tarehe ulirekodiwa kwanza na bendi ya roki ya vijana wa Nairobi, ukiwa na magitaa ya umeme. Miaka kumi na saba baadaye ndipo ukavuliwa umeme.

Kwa nini basi muziki wa vijana wale haukupata makao? Wako wanaosema haukuwa wa Kiafrika vya kutosha. Mimi nadhani sababu kubwa ilikuwa sisi wa redio. Sauti ya Kenya iligawa masikio ya watu kwa lugha. Idhaa ya Kiswahili ilipiga benga, rumba na nyimbo za Kiswahili. Idhaa ya Kiingereza ilipendelea santuri za Uingereza na Marekani. Mkenya aliyeimba roki kwa Kiingereza huku akitia wimbo mmoja wa Dholuo ungemweka wapi? Kwa idhaa ya kwanza alikuwa mgeni, kwa ya pili alikuwa mwenyeji mno. Mwezi wa Machi 1980 ilitolewa amri kwamba muziki wa Kenya uchukue asilimia 75 ya muda wa muziki redioni, lakini amri hiyo haikudumu. Hayo yalikuwa na gharama, na waliolipa ni watu kama Slim Ali na Black Savage, ambao santuri zao leo zinatafutwa na wakusanyaji wa Ulaya kwa bei ambayo mwalimu wa Kawangware hawezi kuifikiria.

Na sasa tufike Kenyatta Avenue, pale tulipokwama na matatu. Katika miaka ya 70 Mmarekani Alan Donovan, pamoja na Joseph Murumbi aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka wa 1966, walianzisha jumba la sanaa la African Heritage. Palikuwa na vinyago, shanga, vitambaa kutoka pembe zote za bara, na maonyesho ya mavazi yaliyohitaji muziki. Mwaka wa 1979 ikaundwa African Heritage Band, na Job Seda akawa mmoja wa waanzilishi. Baadaye alipita hapo Samite, mpiga filimbi Mganda aliyekimbia machafuko ya kwao. Kazi ya bendi ile ilikuwa kuchanganya vyombo vya asili na vya umeme bila kimoja kumezwa na kingine. Hapo, katikati ya jiji, ndipo mwimbaji wa roki alipoishika nyatiti kwa uzito.

Wasikilizaji wetu wa pwani na wa Tanzania huenda hawajaiona, hivyo niieleze kidogo. Nyatiti ni kinubi cha Waluo, ndugu ya obokano ya Abagusii na litungu ya Wabukusu. Mwili wake ni bakuli la mti lililowambwa ngozi, likatiwa mikono miwili na mti wa kukingama juu, na nyuzi nane. Zamani nyuzi zilikuwa za mishipa ya ng'ombe. Siku hizi ni uzi wa nailoni, ule ule wa kuvulia samaki. Mpigaji, anayeitwa jathum, huketi kwenye kigoda kifupi karibu na ardhi, na kwenye kidole gumba cha mguu huvaa pete ya chuma, akawa anagonga nayo ukingo wa chombo. Mguuni kuna njuga. Hivyo mtu mmoja ni mpiga nyuzi, mpiga ngoma na mwimbaji kwa pamoja. Kazi yake ni matangani na kwenye sherehe, usiku kucha, mbele ya umati wenye kunywa na kubishana. Msikilizaji mwenye pesa humsimamisha, akatoa kitu, akajisifu yeye na ukoo wake. Hiyo ndiyo pakruok. Kisha muziki huendelea pale ulipokatika.

Vidole vya nyatiti ndivyo vilivyohamia kwenye gitaa vikazaa benga. Sikiliza gitaa la kwanza katika nyimbo za Daniel Owino Misiani na Shirati Jazz, linavyorukaruka kwenye nyuzi za juu bila kupumzika, utasikia nyatiti iliyopewa umeme na kuambiwa ikimbie. Ogada akaenda njia ya upande wa pili. Alianzia kwenye umeme, akarudi kwenye mti na ngozi, na alipofika hapo akaiambia nyatiti itembee.

Nina jirani huko Kawangware, mzee fundi wa viatu, mtu wa Siaya, aliyekulia kwenye matanga yenye jathum. Siku moja nilimpelekea albamu hii tukaisikiliza kibandani mwake, ngozi na gundi vikinuka. Alivumilia nyimbo mbili. Wa tatu ulipoanza akatikisa kichwa.

"Kijana wangu, nyatiti haipigwi hivi. Huyu anaogopa kumwamsha nani?"

Nilikosa jibu siku ile, lakini swali lake limenisaidia kuielewa albamu kuliko maandishi yote niliyoyasoma juu yake. Mzee alikuwa na haki. Jathum wa matangani hawezi kuimba vile. Lazima aitupe sauti yake juu ya vichwa vya watu mia, bila kipaza sauti, hadi alfajiri; lazima iwe kali, iwe na makwaruzo, ifike mpaka kwa aliyesimama nje ya ua. Ogada anaimba kwa pumzi ya chini, midomo karibu kufungwa, maneno mengine yakiishia kooni kabla hayajatoka yote. Sauti ya namna hiyo inawezekana tu kwa mtu anayejua kwamba kipaza sauti kipo karibu na mdomo wake. Ni ufundi wa studio. Ni ufundi wa waimbaji wa soul, wa mtu kama Bill Withers, ambaye hakupiga kelele kwa kuwa hakuhitaji. Ogada aliusomea ufundi huo kwenye majukwaa ya mji huu, na hapo ndipo ninaposema kwamba albamu hii ni ya mjini hata wakati inapozungumza juu ya ng'ombe.

Msikilizeni kwenye Kothbiro. Anayeimba ni mtu anayemwita mtoto nyumbani: mvua yaja, warudishe ng'ombe wetu. Hiyo ndiyo habari yote. Mtu wa kijijini angeipaza, kwa maana mtoto yuko mbali malishoni. Ogada anaisema polepole, chini, na hivyo anatufanya tujue kwamba yule mtoto yuko mbali zaidi ya malisho, kwamba huenda hasikii. Zile sauti zake zisizo na maneno, anapoiacha lugha kabisa na kubaki na mwito tu, ndizo zinazokata. Kila mara nyuzi hurudi pale pale zilipoanzia, hazipandi, hazishuki, hazitafuti mwisho mkubwa. Bendi ya roki ingetafuta. Bendi ile ile ya roki, ukisikiliza ya 1976, ina msukumo mwingine, ina ujana ndani yake, ina ngoma inayotaka kwenda mbele, na mimi naipenda pia. Lakini katika hii ya 1993 kuna mtu aliyeishi mbali na kwao, na anajua mwito huo unamrudia yeye mwenyewe.

Maana alikuwa mbali kweli. Niyapitie haya haraka. Katikati ya miaka ya 80 aliigiza katika filamu ya Out of Africa, ile ya Karen na vilima vya Ngong, akiwa Kanuthia. Katika orodha ya waigizaji bado ameandikwa Job Seda. Filamu hiyo ilizoa tuzo saba za Oscar. Mwaka wa 1986 akaondoka kwenda Uingereza na nyatiti yake, akawa anapiga kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi London, watu wakidondosha sarafu. Hapo akasikika, akaalikwa kwenye tamasha la WOMAD la mwaka 1988, akajikuta katika safari za Peter Gabriel, na hatimaye katika studio za Real World zilizoko kijiji cha Box, Wiltshire. Mtu aliyewahi kupiga mbele ya wapita njia wenye haraka hujifunza kitu ambacho jukwaa la klabu halifundishi. Ama upige kelele kuliko treni, ama upige kimya kiasi kwamba mtu asimame kusikiliza ni nini kile. Nadhani nyuzi za albamu hii zilijifunza pale.

Nyimbo nyingine sitazipitia zote. Obiero inafungua mlango kwa utulivu, na kama hukuipenda hiyo nenda zako, albamu hii si yako. Chiro, yaani soko, ina uchangamfu wa watu wengi kupita mahali pembamba. Kronkronhinko sijawahi kuipenda sawa na nyingine, nasema kweli. Kila ninapoifikia hapo katikati nahisi tumeondoka nyumbani kidogo. Ondiek ni fisi, na katika nyimbo za kubembeleza za Waluo fisi humla mtoto anayelia. Huyu mtu mzima, kwa sauti yake ile ya chini, anafaa kuliko yeyote kumtisha mtoto na kumlaza kwa wakati mmoja. Nilipomsimulia jirani yangu hayo akacheka. "Basi ndiye aliyekuwa anaogopa kumwamsha," akasema, na akaniomba nimwachie kaseti niliyonakili. Hajairudisha. Sijamdai.

Wimbo wa mwisho ndio uliobeba jina la albamu. Ni mchanga tu. Anayeishi kandokando ya Ziwa hahitaji kuelezwa mchanga ni nini: unachotwa, unauzwa, unajengewa nyumba, unapeperuka, na watu huzikwa ndani yake. Albamu nyingi za siku zile zilizowekewa nembo ya muziki wa dunia zilimalizia kwa ngoma nyingi na vigelegele ili mnunuzi aone ameipata Afrika. Hii inamalizia kwa neno la unyenyekevu. Kwa mwimbaji aliyekuwa amepewa studio bora ya Uingereza na masikio ya dunia nzima, huo ni uamuzi wa mtu aliyekomaa.

Nilinunua nakala yangu ya kwanza katika duka moja la katikati ya jiji, na jinsi nilivyoipata haijanitoka. Niliuliza kwenye kaunta ya muziki wa Kenya, hawaijui. Nikauliza kwenye roki na soul, wakanitazama tu. Mwishowe niliiona mwenyewe nilipokuwa natoka, karibu na mlango, juu ya meza ya zawadi za watalii, imewekwa kati ya twiga wa mbao na sahani za mawe ya Kisii. Bei yake ilikuwa kwa dola. Niliilipa. Nilisikia uchungu wakati ule na bado nausikia, kwa sababu meza ile ilisema waziwazi kwamba kazi hii imetengenezwa kwa ajili ya wageni, na kwamba sisi tunaopita hapo kila siku tukienda kupanda matatu hatuihitaji.

Na wageni kweli wameitumia. Mwaka wa 2005 Kothbiro ulisikika katika The Constant Gardener, filamu ya Fernando Meirelles iliyopigwa Kibera na kaskazini mwa nchi. Bila shaka ndiyo ile aliyoiona kijana wa kwenye matatu. Mwaka wa 2018 Kanye West alikata kipande cha Kothbiro, kile cha Black Savage cha 1976, akakiweka katika wimbo wake Yikes. Vijana wa Westlands na Lavington wakaucheza kwenye magari yao wiki nzima, sauti ya baba zao ikiwa humo ndani, wala wasijue. Nilifurahi wimbo ulivyoenea. Lakini ilinichoma kwamba ilibidi upite Wyoming na Los Angeles ndipo ufike Waiyaki Way.

Ogada mwenyewe alikuwa amesharudi nyumbani. Alikaa Nyahera, nje kidogo ya Kisumu, akaendelea kufanya kazi. Pamoja na mpiga gitaa Mwingereza Trevor Warren alitoa albamu iitwayo Kodhi mwaka wa 2015, na humo sauti yake imezeeka vizuri, imepata vumbi kidogo. Alifariki huko huko tarehe 1 Februari 2019. Magazeti yetu yaliandika, redio zikapiga Kothbiro siku mbili tatu. Kothbiro tu. Nyimbo nyingine tisa za albamu ile zilibaki kimya, kana kwamba mtu aliishi miaka sitini na kitu akiimba wimbo mmoja.

Njia aliyoifungua ina watu. Suzanna Owiyo ameishika nyatiti, chombo ambacho kwa desturi kilikuwa cha wanaume, na kuimba nayo kwa sauti ya mjini. Makadem ameiingiza kwenye muziki wa kuchezesha. Winyo anaimba kwa ule ule utulivu. Nikienda kuwasikiliza pale Alliance Française, mwendo mfupi tu kutoka Kenyatta Avenue, nikiona vijana wa Kileleshwa na vijana wa Kangemi wamesimama pamoja wakiitikia kwa Dholuo ambayo wengi wao hawaisemi, huwa natamani yule wa kwanza angekuwa nyuma ya ukumbi anatazama.

Kama unataka santuri za zama zile, Soko la Kenyatta pale karibu na Ngong Road lina kibanda cha sahani kuukuu, katikati ya wachoma nyama na wasusi, na mwenye kibanda atakuwekea sindano uisikie kabla hujalipa. Nimepoteza Jumamosi nyingi hapo. Black Savage ni adimu, ukiikuta usibishane bei kwa muda mrefu. En Mana Kuoyo ni rahisi kupatikana, ipo kwenye simu yako sasa hivi ukiitafuta kwa jina.

Lakini nina ombi juu ya jinsi ya kuisikiliza. Usiiweke wakati wa kupika au wa kufagia. Usianze na Kothbiro, hiyo umeizoea. Ngoja usiku, watoto wakishalala na magari yakishapungua barabarani. Anza na wa pili, Dala, neno ambalo kwa Waluo ni boma, ni kwao mtu. Weka sauti chini, chini kuliko unavyofikiri inafaa, mpaka ulazimike kusogea karibu na redio. Ukishasogea, kaa hapo.

Fundi mitambo wangu ameshaiweka tayari. Haya, Dala.